Seva ya Kikoa Iliyozimwa Ijumaa Ikakataa Kuwaka Jumatatu: Uchambuzi wa Kisa

Kisa hiki ni cha kampuni ya uwakala wa forodha katika mji mmoja wa mpakani, mashariki mwa Uganda. Nilikuwa mmoja wa mafundi wawili tuliopewa kazi ya kuondoa seva yao kuukuu ya kikoa (seva inayotunza akaunti na nywila za ofisi nzima) na kuweka mpya. Jina la kampuni, la mji na la kila mtu nimeliondoa, na vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili wahusika wasitambulike. Mambo ya kiufundi nimeyaacha kama yalivyokuwa, yakiwemo makosa yetu. Nawaandikia mafundi wa ofisi za namna hii: kompyuta 30 hadi 50, seva moja, na kazi isiyosimama.

Mandharinyuma

Mpaka haulali. Malori yanavuka kutoka Kenya usiku na mchana, na nyuma ya kila lori kuna karani anayetuma tamko la forodha kwa intaneti kwenye mfumo wa ASYCUDA wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Dereva ametoka Mombasa, karani ametoka Mbale, askari wa getini ametoka Arua, na wote wanaelewana kwa Kiswahili. Karani akikosa mtandao kwa saa moja, lori linakaa, dereva anapiga simu kwa bosi wake, na bosi anapiga simu kwa wakala. Kwa hiyo swali la kwanza uongozi ulilotuuliza halikuwa bei. Lilikuwa: "Mtatusimamisha kwa muda gani?"

Kampuni ilikuwa na kompyuta 38 mpakani na nyingine 9 katika tawi la Kampala, ofisi mbili zikiunganishwa kwa VPN, njia ya faragha juu ya intaneti, kati ya ruta na ruta. Kikoa chao cha Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na kompyuta, kilianzishwa mwaka 2005 juu ya Windows Server 2003. Mwaka 2011 kilihamishiwa kwenye mashine yenye Windows Server 2008 R2 na fundi wao wa kudumu, ambaye ofisi nzima inamwita Mzee mpaka leo. Alistaafu mwaka 2018 akarudi kijijini kulima. Baada yake kila fundi aliyeitwa alirekebisha alichoitiwa, akaondoka. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya kawaida kwa 2008 R2 tarehe 14 Januari 2020, lakini mashine iliendelea kufanya kazi, na ikawa rahisi kuisahau.

Tuliikuta chini ya meza ya stoo, imefunikwa na lile vumbi jekundu linaloingia kila mahali msimu wa kiangazi. Ilibeba kila kitu: akaunti na nywila za wafanyakazi wote, DNS (inayotafsiri majina kuwa anwani), DHCP (inayozigawia kompyuta anwani), folda za pamoja, printa. Ilikuwa na diski mbili zinazonakiliana, na taa ya mojawapo ilikuwa ya njano. Hakuna aliyejua iliwaka njano tangu lini.

Kilichoufanya uongozi uamke ni mteja mmoja mkubwa. Alidai ushahidi kwamba nyaraka zake hazikai kwenye mfumo usiopata masasisho.

Ukaguzi, na tukio namba 13568

Wiki ya kwanza hatukugusa kitu. Tulitumia dcdiag kupima afya ya kikoa, na "netdom query fsmo" kuona nani ameshika majukumu matano maalumu ya kikoa, ambayo kila moja hushikwa na seva moja tu. Yote matano yalikuwa kwenye mashine hiyo moja, kama tulivyotarajia. Kiwango cha utendaji cha kikoa, kinachoamua vipengele gani kikoa kinaweza kutumia, kilikuwa bado kile cha 2003. Mzee alipohamia 2008 R2 hakukipandisha, na wakati ule hakikumzuia kitu.

Sasa kilikuwa kinatuzuia. SYSVOL, folda inayobeba sera (mipangilio ambayo kikoa kinazipa kompyuta) na hati za kuingilia (amri zinazojiendesha mtu anapoingia), ilikuwa bado inanakiliwa kati ya seva kwa mfumo wa zamani wa FRS. Windows Server 2022 haikubali kuwa kidhibiti cha kikoa, yaani seva inayoendesha kikoa, mahali ambapo SYSVOL iko kwenye FRS. Ni lazima kwanza uhamie DFSR, mfumo mpya zaidi wa kunakili, na DFSR inataka kiwango cha 2008 au zaidi. Hatua hizo zinajulikana. Tatizo halisi lilikuwa chini yake.

Mwenzangu, kijana aliyekuwa kwenye kazi yake ya pili ya namna hii, alifungua kumbukumbu za FRS akakuta onyo moja limejirudia ukurasa baada ya ukurasa: tukio namba 13568. Maana yake FRS imepoteza mahali ilipokuwa inasoma daftari la mabadiliko ya diski, ikasimama. Umeme ukikatika ghafla mara nyingi, mashine ikazimika bila kufungwa, jambo hili ni la kawaida. Katika ofisi yenye seva moja halimuumizi mtu, kwa sababu hakuna seva ya pili ya kunakilia. Siku utakapoleta seva ya pili ndipo litakapoonekana. Itapanda cheo, yaani kufanywa kidhibiti cha kikoa, bila malalamiko, lakini SYSVOL yake itabaki tupu, na kompyuta zitakazoiendea zitakosa sera.

Hapo ndipo mtego ulipo. Maelezo ya tukio lenyewe yanakupa dawa: weka thamani fulani kwenye rejista (hazina ya mipangilio ya Windows), washa huduma upya, itajiponya. Kijana alikuwa ameshafungua rejista. Nikamwomba aondoe mkono kwenye kipanya, tukasome tena pamoja, taratibu. Dawa hiyo inaiambia seva itupe nakala yake ya SYSVOL pembeni na kuomba nakala nzuri kutoka kwa seva mwenzake. Hapa mwenzake hayupo. Seva ingeiweka SYSVOL yote kwenye folda ya vitu vya zamani, ikakaa ikisubiri, na asubuhi hakuna kompyuta ambayo ingepata sera wala hati ya kuingilia. Kwenye seva iliyo peke yake unatakiwa kuiambia kinyume chake, kwamba nakala yako ndiyo sahihi. Hiyo ni sehemu ya rejista iitwayo BurFlags, unaipa thamani D4, kisha unawasha huduma upya.

Tulinakili SYSVOL kwenye diski ya nje kwanza, tukaweka D4, tukasubiri. Lilikuja tukio 13553, kisha 13516, ambalo ndilo linalosema kidhibiti kiko tayari. Baada ya hapo tulipandisha kiwango hadi 2008 R2, tukatumia dfsrmig, zana ya kuhamia DFSR, hatua kwa hatua, ya 1, ya 2, ya 3, kila hatua tukiuliza hali kabla ya kwenda mbele. Hatua ya 3 haina kurudi nyuma, kwa hiyo tulilala usiku mmoja kati ya ya 2 na ya 3.

Maamuzi kabla ya kuhama

Tuliamua seva mpya iwe mashine mama ya Hyper-V, programu ya Microsoft inayoendesha kompyuta za kiprogramu (mashine pepe) ndani ya kompyuta moja, yenye mashine pepe mbili, moja ya kikoa na nyingine ya mafaili. Leseni ya Standard inaruhusu mbili, na hatukutaka tena kidhibiti cha kikoa kilichobebeshwa mizigo ya kila mtu.

Tuliomba pia mashine ndogo ya pili iwe kidhibiti cha akiba Kampala. Uongozi ulikataa kwa sababu ya bajeti. Tuliandika pendekezo, wakatia saini kwamba wameliona, tukaendelea. Bado naona tulipaswa kusukuma zaidi.

Anwani ya IP ilituletea ubishi mrefu. Mafundi wengi huipa seva mpya anwani ya ile ya zamani ili vifaa vyote viendelee bila kuguswa. Mimi nilitaka anwani mpya. Sababu yangu: mahali ambapo kumbukumbu hazikuandikwa, anwani ileile inaficha madeni. Kila kifaa kinachotegemea seva kwa siri kitaendelea kutegemea kwa siri, na fundi wa miaka kumi ijayo ataanza gizani kama sisi. Anwani mpya ingevilazimisha vijitokeze huku seva ya zamani ikiwa bado ipo, tayari kurudishwa. Tulikubaliana hivyo. Zingatia maneno "tayari kurudishwa", nitayarudia.

Diski iliyokufa, ile yenye taa ya njano, tuliamua tusiibadilishe. Kuijaza diski mpya kunaisomesha ile iliyobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, na diski ya umri ule inaweza kufia palepale. Tuliona ni salama zaidi kuchukua picha ya diski nzima, kuhamisha haraka, na kuiacha mashine ipumzike.

Usiku wa Jumamosi

Tulianza saa mbili usiku, baada ya kuhakikisha jenereta ina mafuta na betri za UPS zimebadilishwa. Tulichukua picha ya diski ya seva ya zamani. Tukaiunganisha mpya kwenye kikoa, tukaipandisha cheo ikiwa na DNS. Upanuzi wa skima, yaani muundo wa hifadhi ya kikoa, ulijifanya wenyewe, kutoka toleo la 47 hadi la 88. Kitu cha kwanza nilichoangalia kilikuwa "net share", amri inayoorodhesha folda za pamoja: SYSVOL na NETLOGON (folda ya hati za kuingilia) zote mbili zipo. Kama zisingekuwepo tungesimama hapo.

Repadmin, zana inayokagua unakili kati ya vidhibiti, haikuonyesha kosa hata moja. Tulihamisha majukumu matano, DHCP, na printa. Saa tisa usiku karani wa zamu alituletea chai, tukamwambia ajaribu kutuma tamko. Likaenda.

Folda za pamoja tulizihamisha kwa Robocopy, zana ya Windows ya kunakili mafaili, usiku wa siku zilizofuata, folda moja baada ya nyingine, kwa kufuata orodha. Orodha hiyo niliiandika mimi.

Saa iliyokimbia

Siku kama kumi baadaye askari wa getini alimwendea meneja na daftari lake. Alikuwa ameandika lori fulani limetoka saa 10:10 jioni. Hati ya kutokea, iliyochapishwa na kompyuta, ilisema imetolewa saa 10:14. "Madamu, hili gari limetoka kabla ya karatasi yake," alisema. Mpakani hilo ni jambo zito, maana mtu anaweza kufukuzwa kazi kwa dakika nne hizo.

Askari alikuwa sahihi, na saa yake pia. Katika kikoa saa ya kila kompyuta hatimaye inatoka kwa seva yenye jukumu la PDC, mojawapo ya yale matano. Seva yetu mpya, kwa kuwa ni mashine pepe, ilikuwa inachukua saa kutoka kwa mashine mama. Mashine mama ilikuwa imeunganishwa kwenye kikoa, kwa hiyo ilikuwa inachukua saa kutoka kwa seva hiyohiyo. Walikuwa wanaulizana wao kwa wao. Saa iliyowekwa kwa mkono siku ya kwanza, ikiwa mbele dakika nne, ilizunguka humo bila mtu wa nje wa kuisahihisha. Kerberos, mfumo wa kikoa wa kuthibitisha anayeingia, inavumilia tofauti ya dakika tano kati ya kompyuta na seva. Nne hazikuvunja kitu, na kwa kuwa kompyuta zote zilifuata saa hiyohiyo, hakuna onyo lililotufikia.

Tulizima usawazishaji wa saa wa Hyper-V kwa mashine ile, tukaielekeza seva kwenye pool.ntp.org, seva za saa za kwenye intaneti, kwa amri ya w32tm, na tofauti ikaisha. Meneja aliandika barua ya kumthibitishia askari kwamba daftari lake halikuwa na kosa. Tulimwomba aiandike.

Kuzima kwa majaribio

Mpango ulikuwa hivi: kabla ya kuiondoa seva ya zamani rasmi kwenye kikoa, izimwe kwa siku kadhaa. Kitakachovunjika kitajulikana, nasi tutaiwasha ndani ya dakika tatu. Siku 13 baada ya usiku wa kuhama, Ijumaa saa moja jioni, tuliizima kwa utaratibu mzuri kabisa. Mlio wa feni uliisha, na nakumbuka stoo ilivyokuwa kimya.

Jumamosi na Jumapili hatukupigiwa simu, tukafurahi. Baadaye tuligundua kwamba Jumamosi usiku karani wa zamu alijaribu kuskani hati kwenye mashine ya fotokopi ikakataa. Aliandika kwenye kitabu cha zamu "mtandao unasumbua", akapiga picha hati kwa simu yake, kazi ikaenda. Hakuna aliyesoma kitabu hicho mpaka Jumatatu.

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi dada wa mapokezi wa Kampala alipiga. "Ssebo, huku kwetu intaneti imekufa kabisa. Hata forodha haifunguki."

Nikamwambia mwenzangu awashe seva ya zamani. Alibonyeza kitufe. Feni zilizunguka, taa zikawaka, halafu tukasikia diski: tk, tk, tk. Kimya. Tk, tk, tk. Skrini ikaandika kwamba hakuna diski ya kuanzia. Alizima, akachomoa waya wa umeme, akasubiri, akarudia. Vilevile. Diski iliyokuwa imezunguka karibu miaka 12 bila kupoa ilipoa kwa siku mbili na nusu, na haikuzunguka tena.

Kijana alipendekeza jambo ambalo fundi yeyote angelifikiria: tunayo picha ya diski, tuiwashe kama mashine pepe. Nilikataa, na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike sehemu hii kwa urefu. Picha ile ilichukuliwa saa chache kabla ya seva mpya kupandishwa cheo. Ingeamka ikiamini kwamba bado ni ile Jumamosi, kwamba iko peke yake, na kwamba majukumu yote matano ni yake. Ingetoa namba za mabadiliko ambazo kwa kumbukumbu ya seva mpya zilishatumika, na seva mpya ingeyapuuza mabadiliko hayo ikidhani inayo tayari. Ingeweza kugawa vitambulisho vya akaunti ambavyo tayari vina wenyewe. Windows ilianza kujikinga na hali hii kwenye mashine pepe kuanzia toleo la 2012, na hii ilikuwa 2008 R2. Kikoa kilikuwa kizima wakati huo. Kuiwasha picha kungekiua. Tuliifungua kama diski ya kusoma tu, na hapo ndipo ilipotufaa.

Tulirudi kwenye tatizo la Kampala, kwa kupitia VPN. Ruta kwa ruta ilikuwa hai, kwa sababu hiyo haihitaji majina. Tulichokuwa hatuna ni nywila ya ruta ya Kampala. Haikuwa kwenye faili lolote. Ikabidi nimpigie Mzee.

"Mzee, habari za siku nyingi?"

"Nzuri, kijana wangu. Ile seva imekufa?"

Sikuwa nimemwambia lolote.

Nywila alikuwa nayo kichwani. Akaendelea bila kuulizwa: "Ruta ya Kampala inagawa anwani yenyewe, na DNS niliiandika kwa mkono, anwani ya seva. Fotokopi inatupa skani kwenye folda yenye alama ya dola mwishoni, usiitafute kwenye mtandao, haionekani. Na kile kinasa cha kamera kinapata saa pale pale." Ilimchukua kama dakika sita. Vitu vitatu hivyo vilikuwa karibu orodha yote ya vilivyotuvunjikia, na cha tatu hata hakikuwa kimejitokeza bado.

Tulibadilisha DNS kwenye ruta, kompyuta tisa zikawashwa upya, na saa nne kasoro dakika tano Kampala ikarudi kazini. Saa moja na dakika arobaini. Malori manne yalikuwa yamesubiri.

Matokeo

Hakuna akaunti, nywila wala sera iliyopotea, maana vyote vilikuwa vimehama kabla. Kwa kuwa seva ya zamani haikuaga rasmi, tulifuta kumbukumbu zake kwa mkono. Ukiifuta kwenye orodha ya vidhibiti vya kikoa, Windows ya sasa inasafisha sehemu kubwa yenyewe. Mabaki ya DNS hayaishi hivyo. Tulipitia kanda zote (mafungu ya rekodi za DNS) tukiondoa rekodi za NS, zinazotaja seva za DNS, na zile za _msdcs, zinazotaja vidhibiti vya kikoa, zenye jina lake, na tulipata ya mwisho siku tatu baadaye kwenye kanda ya kinyume, inayotafsiri anwani kuwa majina.

Kilichopotea kilikuwa ndani ya folda ya dola: skani za siku 13, tangu picha ya diski hadi Ijumaa. Karatasi zenyewe zilikuwepo. Makarani wawili walifungua mafaili na kuziskani upya kwa siku tatu, na kampuni ilitukata gharama hiyo kwenye malipo. Ilikuwa haki.

Fotokopi ilichukua muda zaidi. Ilijua SMB1 pekee, toleo la kwanza la njia ya Windows ya kushirikiana mafaili, na Windows Server 2022 haiji na SMB1. Meneja aliuliza kwa nini tusiirudishe SMB1 tu. Tulimweleza kwamba WannaCry, programu hasidi ya mwaka 2017, ilienea dunia nzima kwa kupitia tundu la SMB1, na kwamba hatuwezi kulifungua kwenye mashine inayotunza nywila za watu wote. Fotokopi sasa inatuma kwa FTP, njia nyingine ya kutuma mafaili, kwenye mashine ya mafaili, kwa akaunti inayoweza kuandika folda moja tu. Itakapochakaa, mpya itatumia njia bora.

Uchambuzi

Kazi ya wiki ya kwanza ndiyo iliyookoa kikoa. Tungeleta seva mpya bila kushughulikia 13568, tungekuwa na seva ya pili isiyo na SYSVOL, au pengine ya kwanza pia isiyo nayo. Ningependa fundi anayesoma hapa abaki na hilo: onyo likikupa dawa, uliza dawa hiyo iliandikwa kwa ofisi yenye seva ngapi.

Kuhamisha majukumu yote mapema, na kuacha siku 13 za kuishi na seva mbili, pia kulitusaidia sana. Diski ilipokufa ilikuwa imebaki na folda moja tu ya thamani.

Kuhusu anwani mpya ya IP bado nasimama nilipokuwa, ingawa mwenzangu anaona vingine. Anasema anwani ya zamani ingezuia kusimama kwa Kampala. Ni kweli. Ila ruta ile ingeendelea kuitegemea seva bila mtu kujua, na bila nywila inayojulikana, na siku Mzee asipopatikana kwa simu ingekuwa mbaya zaidi. Kosa letu ni kwamba tulisubiri vifaa vijitokeze kwa kuvunjika, wakati vilikuwa vinajitaja kila dakika. Seva ya DNS inaweza kurekodi kila anayeiuliza. Tungewasha rekodi hiyo kwenye seva ya zamani kwa siku mbili baada ya kubadilisha DHCP, tungeona maswali yakiendelea kuja kutoka mtandao wa Kampala, tukaifuatilia ruta kwa utulivu. Siku hizi nafanya hivyo kila mara.

Orodha ya folda niliitengeneza kwa kufungua seva kwenye mtandao na kuandika nilichokiona. Folda inayoishia na alama ya dola haionekani hivyo. Amri ya "net share", niliyoitumia mwenyewe usiku wa Jumamosi kwenye seva mpya, ingenionyesha kwa sekunde moja kwenye ile ya zamani. Sina utetezi hapo.

Siku tuliyochagua ilikuwa mbaya. Ijumaa jioni inaonekana ya busara kwa sababu haimuudhi mtu, lakini saa ambazo watu hawafanyi kazi ndizo saa ambazo hitilafu hazisemi. Jaribio kama hili nalifanya sasa Jumanne au Jumatano saa nne asubuhi, watu wote wakiwa kwenye viti vyao na mimi nikiwa jengoni, na kitabu cha zamu nakisoma kila asubuhi.

Na zaidi ya yote, tuliizima. Mpango wetu wote ulisimama juu ya maneno yale "tayari kurudishwa", na tendo la kwanza tulilolifanya ndilo lililoyaondoa. Mashine yenye diski ya umri huo, moja ikiwa tayari imekufa, haizimwi kwa majaribio. Unachomoa waya wa mtandao nyuma yake na kuiacha inazunguka. Kwa kila kompyuta na kila ruta ni sawasawa na kuzimwa, na kurudisha ni kuchomeka waya. Kwa muda wa siku chache hiyo haina madhara. Kikomo cha kidhibiti kukaa nje ya wenzake ni muda wa kaburi (muda ambao kikoa kinakumbuka vitu vilivyofutwa), ambao katika kikoa cha umri ule unaweza kuwa siku 60 na katika vya baadaye ni 180. Tulikuwa tunazungumzia siku nne. Hata picha ya diski tungeweza kuichukua upya Ijumaa ile kabla ya kugusa kitufe, na makarani wale wawili wasingeskani chochote.

Kuhusu Mzee. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya meneja muda wote. Tulikuwa tumetumia zana nne za ukaguzi na wiki nzima, na hatukufikiria kumpigia mtu aliyeijenga, kwa sababu alishastaafu. Nilimtumia mafuta ya pikipiki akaja ofisini wiki iliyofuata. Tulikaa naye stoo asubuhi nzima, akazungumza, mwenzangu akaandika kwenye daftari. Ziko kurasa 11.

Baada ya kisa hiki uongozi ulikubali mashine ya pili. Ilifika Kampala miezi miwili baadaye, nasi tukaipandisha cheo siku ya kazi, saa nne asubuhi. Diski mbili za seva ya zamani hazikwenda kwa wauza vyuma chakavu. Zilikuwa na nywila za wafanyakazi wote katika umbo linaloweza kuvunjwa, na nakala za pasipoti na hati za wateja ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inazihusu. Fundi wa kuchomelea wa jirani alizitoboa matundu matatu kila moja, meneja akiwa amesimama pale, kisha meneja akatia saini kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la Mzee.